Kutoka Miasenyi, Uwanja wa Ndege Uko Mbali Kiasi Gani?

Iulize simu yako umbali wa kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa Moi, Mombasa, nayo itakujibu mara moja: kilomita 420 na ushei, mwendo wa saa moja. Jibu hilo ni sahihi, lakini kwa mtu wa Miasenyi, huku Taita Taveta, halitoshi hata kidogo. Ndege ya Nairobi na Mombasa hupita kaskazini-mashariki mwa mji huu, juu ya hifadhi ya Tsavo Mashariki. Mtu wa Miasenyi anayetaka kuipanda aende Nairobi hana budi kwanza ashuke Mombasa, zaidi ya kilomita 100 kwa upande asiokwenda, halafu arushwe na kupitishwa karibu na kwao tena.

Kwa hiyo nambari za umbali na saa zinazotolewa kuhusu viwanja viwili vya ndege zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Zinapima uwanja hadi uwanja, na hakuna anayeishi uwanjani.

Tuanze na umbali wenyewe. Baina ya Nairobi na Mombasa ndege ina kilomita 423 hivi, reli ya SGR ina 472, na barabara ina 480 na kitu. Hizo 423 ni za mstari mnyoofu, na zimepimwa kwa kufuata mviringo wa dunia: ukivuta uzi ukaukaza juu ya chungwa kutoka nukta moja hadi nyingine, njia ya uzi huo ndiyo fupi kuliko zote. Marubani na waongozaji ndege huutaja umbali huo kwa maili za baharini, kila moja mita 1,852, kwa hiyo ukisikia kwamba Mombasa ni maili 228 kutoka Nairobi, usidhani umbali umepungua.

Hesabu hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu, na mwanafunzi wa sekondari ya Maungu au Voi ataifurahia. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko nyuzi 1.32 kusini mwa ikweta na nyuzi 36.93 mashariki. Uwanja wa Moi uko 4.03 kusini na 39.59 mashariki. Tofauti ya kwanza ni 2.71, ya pili ni 2.66. Zidisha kila moja kwa yenyewe, upate 7.34 na 7.08, jumlisha, upate 14.42, kipeuo chake cha pili ni karibu 3.80. Kila uzi mmoja ni kilomita 111. Zidisha 3.80 kwa 111, upate 422. Umekosea kwa kilomita moja tu, bila setilaiti wala intaneti.

Ila njia hii ni mali ya watu wa ikweta. Mtoto wako akiwa Ulaya akaijaribu huko, itamdanganya vibaya. Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri unavyokwenda kaskazini, na kwenye latitudo ya London uzi mmoja wa longitudo hauna kilomita 111 tena, una 69 hivi. Chukua uwanja wa Heathrow, London, na ule wa Charles de Gaulle, Paris. Ukipiga hesabu kama ya kwetu utapata kilomita 431, na utaamini kwamba London na Paris zimeachana kuliko Nairobi na Mombasa. Umbali wa kweli ni kama 347. Dawa yake ni kuizidisha tofauti ya longitudo kwa kosaini ya latitudo iliyo katikati ya viwanja hivyo kabla ya kuendelea. Kikokotoo cha simu kinaifanya.

Hata hivyo ndege yenyewe haifuati uzi wa chungwa. Hupewa njia na waongozaji, hukwepa wingu la mvua, na mwishoni hutua kwa kuelekea upepo unakotoka. Hapa watu wa pwani wana faida ya kuelewa bila kufundishwa. Njia ya kurukia ya uwanja wa Moi imelala kati ya kaskazini-mashariki na kusini-magharibi. Kusi likivuma, ndege hutua ikielekea kusini-magharibi, kwa hiyo inayotoka Nairobi huingia kutoka upande wa kaskazini bila mzunguko mrefu. Kaskazi likivuma, hutua ikielekea kaskazini-mashariki, na ile ya Nairobi hulazimika kushuka hadi upande wa kusini kwanza, ndipo igeuke. Ni dakika chache tu, lakini ndizo zinazomfanya abiria aseme rubani amepotea.

Sasa muda. Kwenye tiketi, saa ya kuondoka ni saa ambayo ndege inaanza kusogea kutoka inapoegeshwa, na saa ya kufika ni pale inaposimama kabisa upande wa pili. Kujikokota kuelekea njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupaa, kushuka na kutafuta nafasi ya kuegesha, vyote vimo ndani. Ndiyo maana ndege ya jeti yenye uwezo wa kilomita 800 kwa saa, ambayo ingezimaliza kilomita 423 kwa dakika 32, imeandikiwa saa nzima.

Kutokana na hilo kuna kanuni rahisi ya kukadiria: gawanya umbali kwa 800, halafu ongeza nusu saa. Nairobi na Mombasa: dakika 32 na nusu saa, jumla saa moja na dakika mbili. Mombasa na Addis Ababa, kilomita 1,450 hivi: saa mbili na robo na kitu. Nairobi na Jeddah, kilomita 2,570: karibu saa tatu na dakika arobaini. Nairobi na Dubai, kilomita 3,550: saa tano kasoro. Safari ndefu sana, kama Nairobi na London yenye kilomita 6,840, gawanya kwa 850, kwa maana ndege hukaa juu muda mrefu ikienda kwa kasi yake kamili. Utapata saa nane na nusu. Ndege za rafadha zinazotumika pia kati ya Nairobi na Mombasa huenda polepole zaidi, kama kilomita 600 kwa saa, lakini kwa safari fupi hivi tofauti haifiki hata robo saa.

Kuhusu kasi ya ndege, Taita Taveta ina historia yake. Tarehe 14 Mei 1931, mwindaji Mwingereza Denys Finch Hatton aliondoka kwenye kiwanja cha Voi kurudi Nairobi kwa ndege yake aina ya Gipsy Moth, akaanguka papo hapo na kufa pamoja na mtumishi wake, Kamau. Alikuwa amekuja kutazama kama tembo wanaweza kutafutwa kutoka angani. Ndege ile ya viti viwili ilikwenda kama kilomita 135 kwa saa. Treni ya abiria inayopita Miasenyi leo imeundwa kwenda hadi 120. Anayeketi dirishani kwenye daraja la kawaida anakwenda karibu na mwendo wa ndege ya tajiri wa wakati ule.

Na hapo ndipo penye uamuzi wa msafiri wa Miasenyi: apande nini?

Tupige hesabu ya mlango hadi mlango. Anayetaka kwenda Nairobi kwa ndege atasimama barabarani asubuhi asubiri matatu au basi la kuteremka Mombasa. Barabara ni ileile ya malori ya bandarini. Mizani ya Mariakani, Mazeras, Miritini, kila mahali pana foleni yake, na si busara kujipangia chini ya saa mbili hadi mbili na nusu kufika uwanja wa Moi. Uzuri ni kwamba uwanja uko bara, upande wa Changamwe na Port Reitz, kwa hiyo hakuna haja ya kuvuka Makupa kuingia kisiwani. Mwambie kondakta mapema akushushe pa kukata kwenda uwanjani. Kwa safari ya ndani ya nchi ufike saa moja na nusu kabla. Ndege ni saa moja. Kushuka na kungoja mzigo, nusu saa. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Embakasi, hadi katikati ya Nairobi, saa moja ukiwa na bahati. Jumla: saa sita hadi sita na nusu.

Treni ya Inter-County huondoka Mombasa saa mbili asubuhi. Husimama Mariakani, kisha Miasenyi saa tatu na kitu, halafu Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River, ikafika kituo cha Nairobi kilichoko Syokimau mnamo saa nane mchana. Hapo utakuwa umetumia kama saa tano, na saa moja nyingine ya kuingia mjini kwa treni ya kuunganisha au matatu. Jumla saa sita. Umefika wakati mmoja na aliyeruka, tena kwa nauli ndogo kuliko yake mara kadhaa: tangu Januari 2024 daraja la kawaida kwa safari nzima ya Mombasa na Nairobi ni shilingi 1,500, nawe hupandi hata safari nzima. Tiketi hukatwa kwa *639# na kulipiwa kwa simu. Jambo la kuangalia: treni ya moja kwa moja haisimami Miasenyi. Ukikosea ukakata ya alasiri au ya usiku, utaiona ikikupita.

Kwa mkazi wa Mombasa hesabu inageuka. Yeye yuko dakika arobaini kutoka uwanjani, na safari yake yote kwa ndege huweza kuisha ndani ya saa tano, wakati kwa treni atatumia sita na zaidi, kwa sababu hata kituo cha treni cha Mombasa, kilichoko Miritini, si karibu na mjini. Kwa hiyo mtu wa Mombasa akikwambia ndege ni haraka, anasema kweli ya kwake. Mtu wa Voi naye, aliye mbali zaidi na Mombasa na karibu zaidi na Nairobi, asijisumbue kabisa. Voi kuna kiwanja cha Ikanga, lakini hicho ni cha ndege ndogo. Usikipangie safari kabla ya kuuliza na kupata jibu la uhakika.

Mizani hii ya treni na ndege haiko kwetu peke yetu. London na Paris zina reli ya kilomita 492, karibu sawa na SGR yetu, na treni ya Eurostar huimaliza kwa saa mbili na dakika ishirini hivi. Ndege ya njia hiyo ina saa moja na robo kwenye tiketi, lakini ukiongeza kwenda Heathrow na kutoka Charles de Gaulle, treni inayoanzia katikati ya mji na kuishia katikati ya mji huibuka mshindi. Ufaransa imekwenda mbali zaidi: tangu Mei 2023 sheria inakataza safari fupi za ndege za ndani, kama Paris Orly na Lyon, pale ambapo treni inaweza kumfikisha abiria chini ya saa mbili na nusu. Sisi hatujafika huko, na kwa mwendo wa wastani wa chini ya kilomita 100 kwa saa hatuna sababu ya kufika karibuni.

Anayesafiri kwenda nje ndiye mwenye hatari ya kuumia zaidi kwa kusoma vibaya nambari. Vijana wengi wa huku wanakwenda Ghuba, na tiketi siku hizi ni picha kwenye simu. Mama mmoja aliniletea simu ya kijana wake aliyekuwa karibu kuondoka.

“Mwanangu, nisomee hapa. Hii ishirini na mbili ndiyo saa ngapi?”

“Saa nne usiku, mama.”

“Ya huku ama ya kule?”

“Ya kule.”

Swali lake la pili ndilo ambalo wasafiri wenye vyeti hawaulizi. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mahali ilipoandikiwa: ya kuondoka ni ya Kenya, ya kufika ni ya huko uendako. Tiketi ikisema ndege inaondoka Nairobi 16:45 na kufika Dubai 22:50, ukitoa utapata saa sita na dakika tano. Lakini Dubai iko mbele yetu kwa saa moja, kwa hiyo uko kwenye kiti kwa saa tano na dakika tano. Muscat ni hivyohivyo. Jeddah, Riyadh na Doha zina saa moja na sisi. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa joto. Hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na anayempigia ndugu yake huko Jumapili hiyo asishangae kumkuta bado amelala au ameshatoka.

Kubadilisha saa za tiketi ziwe za Kiswahili ni rahisi: kuanzia 07 kwenda juu toa sita, na ukibakiwa na zaidi ya kumi na mbili toa kumi na mbili tena. 16:45 inakuwa saa kumi na dakika arobaini na tano alasiri. 22:50 inakuwa saa nne na dakika hamsini usiku. Nambari zilizo chini ya 07 ziongezee sita: 04:10 ni saa kumi na dakika kumi, ya alfajiri. Na hapa ndipo watu wanapokosa ndege. Wakala anasema kwa simu, “Ndege ni saa kumi,” familia inajiandaa kwa saa kumi ya jioni, kumbe tiketi ni ya 04:10 na ndege ilishaondoka kabla ya adhana. Usikubali saa ya mdomo. Omba uandikiwe nambari nne.

Tarehe nayo ina mtego wake. Ndege ya 00:40 ya tarehe 15 inaondoka usiku ambao sisi tunauhesabu kuwa usiku wa kuamkia tarehe 15. Maana yake unatoka nyumbani tarehe 14 mchana. Na ukiona +1 kando ya saa ya kufika, utafika siku inayofuata.

Sasa rudi kwenye treni. Kwa safari ya nje unatakiwa Jomo Kenyatta saa tatu kabla ya kuondoka, na kaunta za mizigo kwa kawaida hufungwa saa moja kabla. Ndege ya 16:45 haiwezi kupangiwa Inter-County ya siku ileile. Treni inafika Syokimau saa nane mchana, na wakati huo ulitakiwa uwe umeshasimama kwenye foleni ya kaunta. Treni ikichelewa, umekwisha. Ondoka siku moja kabla, ulale kwa jamaa. Lakini ndege ya 20:00 na kuendelea inaoana na treni hiyo vizuri, kwa sababu kituo cha Syokimau kiko kilomita chache tu kutoka uwanjani. Shuka, panda teksi, usiingie mjini kabisa. Ukiingia mjini kula na kuaga, foleni ya Mombasa Road ndiyo itakayokuaga wewe.

Kabla ya kulipa, muulize wakala kama kuna njia inayoanzia Mombasa. Ethiopian Airlines imeiunganisha Mombasa na Addis Ababa kwa miaka mingi, na kutoka Addis kuna ndege za Ghuba na Ulaya. Kwenye orodha ya wakala safari hiyo itaonekana ndefu, kwa kuwa ina kituo katikati na saa za kungoja. Toa humo saa za kwenda Nairobi, gharama ya kulala na teksi, halafu ulinganishe. Mara nyingine ya Mombasa hushinda, mara nyingine ya Nairobi; inategemea saa za kungoja Addis. Zikiwa zaidi ya sita mimi ningechagua treni na Nairobi. Na hakikisha safari yote iko kwenye tiketi moja. Ukiwa na tiketi mbili tofauti na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika la pili halina deni na wewe.

Ndugu zetu wa Taveta wana uwanja mwingine kabisa. Kutoka Taveta hadi uwanja wa Kilimanjaro, Tanzania, ni kama kilomita 68 kwa mstari wa ndege, ukivuka Holili na kupita Moshi. KLM inautumikia uwanja huo kutoka Amsterdam. Saa za Tanzania ni zetu, hakuna cha kubadilisha, ila hakikisha pasipoti yako ni halali na uwe na muda wa ziada wa mpakani. Kwa mtu wa Miasenyi njia hiyo haina maana, atakuwa ameivuka kaunti nzima kabla hajaanza.

Kurudi nyumbani ni rahisi kuliko kwenda. Ndege kadhaa za Ghuba na Ulaya hutua Nairobi usiku au alfajiri. Ukitua saa kumi na moja alfajiri, utamaliza uhamiaji na mizigo kufikia saa kumi na mbili na nusu, na Inter-County ya kuteremka pwani huondoka Syokimau saa mbili kamili. Kata tiketi yake kabla hujasafiri kama tarehe inajulikana, kwa kuwa mwisho wa mwezi, Pasaka na Desemba nafasi huisha siku nyingi kabla. Miasenyi utashuka mnamo saa saba mchana. Aliyetua saa nne asubuhi ameikosa. Achukue basi la mchana, na amwambie dereva mapema anashuka Miasenyi, maana mabasi mengi ya Mombasa hayasimami hapo bila kuambiwa.